Topu Nyeupe ya Mama Betty

Asubuhi sokoni Gikomba, robota la mitumba linapokatwa kamba, hutoka harufu ya dawa, vumbi na makabati ya watu wa mbali. Wengi huigeuzia uso. Mimi husimama nikaivuta hadi wenye vibanda wakanidhania mteja. Harufu hiyo hunirudisha mtaa wa Jericho, Nairobi, kwenye chumba chetu cha mbele, miaka ya tisini, nimenyoosha mikono yote miwili na mama yangu anaizungushia uzi. Na nikishafika hapo sina budi kumkumbuka Mama Betty, na nikimkumbuka Mama Betty hasira hunipanda upya. Nawaambia mapema, msije mkakaa mkisubiri nifike mahali pa kusamehe.

Mama alikuwa mfumaji. Mtaani kwetu ukiona mtoto amevaa sweta ya shule isiyolegea mikono, ujue Mama aliifuma. Lakini uzi mpya ulikuwa wa sweta za watu. Sisi watoto wake tulivaa uzi wa kufumuliwa. Mama alikuwa akienda Gikomba kupekua sweta kubwa kubwa, anazigeuza ndani nje na kutazama mishono ya ubavuni, maana sweta iliyokatwa kwa mkasi haifumuliki, hukatikakatika mkononi. Akipata nzuri anarudi nayo chini ya kwapa akiimba, na kazi ya kufumua inakuwa yangu.

Uzi uliotoka kwenye sweta haunyooki hivi hivi. Hutoka umejikunja kunja, kama nywele zilizokaa kwenye mabutu wiki nzima kisha zikafunguliwa. "Huu bado unajiona sweta," Mama alikuwa akisema. Basi tuliipindua stuli ya jikoni, tukauzungusha uzi kwenye miguu yake, tukaufunga hapa na pale usitatizike, kisha ukaoshwa kwenye karai kwa maji ya moto na sabuni ya mche. Baada ya hapo Mama aliutundika kwenye msumari nyuma ya nyumba na kuufungia jiwe kwa chini, ukauke ukiwa umevutwa. Alinieleza sababu mara nyingi, nami nikaishika. Ukifuma uzi kabla ya kuuosha, nguo itakutosha vizuri sana, utasifiwa, halafu siku ya kwanza utakapoifua uzi wote utajinyoosha ndani yake na hutaamini ni nguo ile ile.

Mama Betty hakuwahi kuisikia sababu hiyo. Yeye ndiye aliyekuwa jirani yetu wa mlango wa kutazamana, na rafiki mkubwa wa Mama. Chumvi ya kwao ilikuwa yetu, na Betty wake alikula kwetu bila kualikwa. Mwaka mmoja kabla ya mambo haya, Mama alimfundisha kufuma, mlangoni petu, kwa subira ambayo mimi sikuwahi kuonyeshwa. Lakini Mama Betty alikuwa akija wakati wa sindano tu, watu wakimwona. Mambo ya karai hakuyataka. Alisema sabuni inamharibia kucha.

Basi ikafika ile miezi ya joto baada ya Krismasi, wakati mabati ya Jericho yanalia mchana kutwa, na kanisani kukatangazwa harusi ya binti wa mwalimu wa kwaya. Watoto wa Sunday school tungeimba, wasichana wavae nyeupe juu na sketi ya shule chini. Nyeupe niliyokuwa nayo mimi ilikuwa shati la shule la kaka yangu, lenye doa la wino mfukoni na vifungo vya upande wa wavulana. Nilikuwa kwenye ule umri msichana anapoanza kupunguza mwendo akipita dirisha la kioo. Tangu nizaliwe sikuwa nimevaa kitu kilichonifuata mwili. Kila nguo nilirithi ikiwa kubwa, na nilipoijaza nikaambiwa sasa imekuwa ndogo, mpe mdogo wako.

Mama aliliona hilo bila kuambiwa. Siku moja alirudi Gikomba na sweta nyeupe ya pamba tupu, kubwa kiasi cha kututosha wote wawili ndani yake. Akanisimamisha, akanizungushia utepe kifuani, kiunoni, akasema, "Nitakufumia topu. Ya wakati wa joto, mikono mifupi, ikubane hapa kiunoni. Na shingoni na chini nitaweka lesi." Lesi yenyewe alikuwa ameiona kwenye pazia, kwenye duka moja la Eastleigh. Alisimama dirishani akiyahesabu matundu hadi mwenye duka akatoka kumuuliza anataka nini. Alipofika nyumbani, kabla hata hajavua viatu, alichukua sindano na masazo ya uzi, akafuma kipande cha kujaribia, kidogo kama leso ya mkononi, chenye majani yaliyojipanga moja baada ya jingine. Nilikikagua kwenye mwanga. Nilishajiona kanisani.

Tulifumua ile sweta Jumamosi yote. Jioni uzi ulikuwa mabonge kwenye mfuko, umejikunja, unangoja karai, na kile kipande cha kujaribia kikiwa juu yake. Asubuhi ikaja habari kutoka nyumbani Bungoma kwamba bibi yake Mama amefariki. Mama alifunga kanga, akampa Baba maagizo ambayo Baba hakuyasikia, akamwomba Mama Betty atutupie jicho, akapanda basi.

Mama Betty alitutupia jicho kweli. Jumanne niliporudi kutoka shuleni nilikuta bakuli la maharagwe mezani, bado moto, na mfuko wa uzi haupo. Nilitafuta chini ya kitanda. Nilitafuta hata kwenye pipa la unga. Nilipotoka nje nilimwona Mama Betty ameketi mlangoni pake, miguu ameinyoosha, sindano mikononi, na kwenye sindano kitu cheupe. Kile kipande cha Mama kilikuwa kimelala kwenye goti lake, akikitazama kila baada ya mistari kadhaa.

"Mama Betty, huo si uzi wetu?" nikauliza.

"Nafula, umeosha vyombo?" akanijibu. Na akaendelea kufuma.

Nilihesabu siku za kurudi kwa Mama kama mfungwa. Nilijua akifika patachimbika. Mama alirudi na vumbi la safari miguuni, nikamwambia yote kabla hajaweka begi chini, akanisikiliza, akatoka vile vile. Nikamfuata mbio nisipitwe na neno.

Nje wanawake walikuwa wameketi kivulini kama kawaida. Mama Shiru wa nyumba ya pembeni alikuwa akimenya minji kwenye sufuria. Walimpa Mama pole ya msiba, mmoja mmoja, na Mama Betty akatoa pole ndefu kuliko wote, bila kuacha kufuma. Mama akazipokea. Kisha akasema, kwa sauti ndogo kabisa, ile ya kumuuliza mtu kama amelala:

"Huu uzi umetoa wapi, Mama Betty?"

"Huu? Nilijinunulia mwenyewe Gikomba. Kuna mama huko huniwekea."

"Na hiyo lesi hapo gotini?"

"Hii imetoka kwa kichwa yangu tu. Hata nimeambia wamama wa kwaya nitawafundisha, wote tuwe nayo." Akacheka. "Na wewe pia nitakuonyesha, Mama Nafula. Si hata hii kufuma tulianza na wewe nikikuonyesha?"

Mkono wa Mama Shiru ulisimama ndani ya sufuria. Wote pale walijua nani alimfundisha nani. Walikuwa wameketi pale pale mwaka uliopita wakiona. Lakini hakuna aliyefungua mdomo, maana Mama Betty alikuwa na ulimi, na kila mtu alikuwa na jambo ambalo Mama Betty alilijua.

Mama akainama. Akashika ukingo wa ile kazi kwa vidole viwili, akauvuta kidogo, akauachilia. Ukarudi. Akautazama ukirudi.

"Inatoka vizuri," akasema. "Endelea, usiiache."

Nililia hadi kichwa kikaniuma. Nilimwambia Mama kwamba anaogopa, jambo ambalo siku nyingine lingeniletea kofi. Yeye alikuwa akiosha miguu kwenye beseni. "Nimemuuliza," akasema. "Amenijibu." Nikamwona mama yangu ni mtu wa kukanyagwa, na nikaapa kwamba kama hajui kulipiza mimi najua. Nilipanga kumtia Mama Betty upupu kitandani, lakini upupu Jericho ungeupata wapi. Nilipanga kuchomoa sindano yake usiku ili vitanzi vyote viporomoke. Nilianza kwa kuacha kumsalimu, na hata hapo Mama alinirudisha mlangoni pake kwa sikio, nikamsalimu upya, vizuri, huku nikimwombea mabaya moyoni.

Siku chache baadaye Mama Betty akaja kwetu na kazi yake. Alikuwa amefika kwenye lesi ya shingo akakwama. Kile kipande alikuwa nacho, lakini kuangalia tundu si kujua lilivyopatikana. Aliketi kwenye kiti chetu, akainywa chai yetu, akasema, "Nisaidie tu hapa kidogo, macho yangu siku hizi."

Mama akasogeza kiti. Akamwonyesha pole pole: unazungusha uzi kwenye sindano mara moja ubaki na tundu, halafu unafuma vitanzi viwili kwa pamoja, ili idadi isiongezeke. Alimrudia hadi akashika. Mimi nilikuwa sakafuni, nimekaa karibu na goti la Mama Betty kwa sababu nilitaka kuuona uzi wangu. Bonge lilikuwa limelala mapajani mwake. Na hapo ndipo nilipoona, mara ya kwanza tangu hasira iniingie machoni, kwamba uzi ulikuwa umejikunja kunja. Kila inchi ya uzi ule bado ilijiona sweta.

Nikafungua mdomo. Sijui hata nilitaka kusema nini. Mama akanifinya, hapa nyuma ya mkono penye nyama laini, akaniachilia, huku akimwambia Mama Betty kwa sauti ile ile ya upole, "Ukifuma upande wa nyuma, kiunoni punguza zaidi. Fanya ikubane. Usiache nafasi hata kidogo."

"Haitakuwa ndogo?"

"Kwani wewe si una mwili mzuri?"

Mama Betty akacheka, akapunguza. Mimi nikamtazama mama yangu nikiwa chini pale sakafuni, na kwa mara ya kwanza maishani nikamwogopa. Nikampenda pia, kuliko siku zote. Kuanzia siku hiyo nilimsalimu Mama Betty kila asubuhi bila kulazimishwa. Nilimsifia topu yake hadi Betty akaniuliza, "Nafu, siku hizi unampenda mathe yangu namna hii, kwani anakupa nini?"

Alipoimaliza aliivaa akatembea nayo uwanja mzima. Na siwezi kudanganya, ilikuwa nzuri. Ilimshika kiunoni, matundu ya lesi yalikuwa madogo na sawasawa, majani yamejipanga shingoni. Wanawake wa kwaya walikuja kuiona. Wakapanga kumweka mstari wa mbele siku ya harusi, katikati, ili bibi harusi na wageni waone kitakachofumwa kwa ajili ya wote. Mama alitoka, akaizunguka, akasema imempendeza. Lakini ile topu ilikuwa imefumiwa mlangoni, karibu na jiko la makaa, na nyeupe yake ilikuwa na kijivu. Ikiwa imebaki wiki moja kabla ya harusi, Jumamosi, Mama Betty akapeleka beseni bombani.

Mimi sikwenda kucheza siku hiyo. Nilitafuta sababu ya kukaa nje. Nilichambua mchele uliokuwa umeshachambuliwa.

Aliifua kwa sabuni nyingi, akaisuuza, akaikamua, akaitundika kwenye kamba ya katikati ambapo nyumba zote huona, akaishika mabegani kwa vibanio viwili. Kisha akaingia ndani. Kwa muda hakikutokea kitu nikaanza kuhofia kwamba Mama amekosea. Halafu nikaona chini panashuka. Maji yalikuwa yakidondoka, na kila maji yalipodondoka topu ilikuwa ikirefuka, pole pole, kama mtu anayeamka na kujinyoosha. Kiuno kilishuka kikafika mahali pa nyonga, kisha pa mapaja. Mikono mifupi ikawa ya kiwikoni. Jani la lesi likafunguka, likawa kubwa kama jani la sukuma wiki. Paka wa Mama Shiru akaja akalichezea kwa mkono.

Mama Shiru ndiye aliyeita. "Mama Betty, hebu kuja. Nguo yako inaenda."

Mama Betty akatoka. Akasimama mbele ya kamba. Akaushika ukingo wa chini, ambao sasa ulikuwa magotini mwake, akaupandisha mpaka kiunoni kana kwamba ungekubali kubaki huko. Milango ikafunguka mmoja baada ya mwingine. Wawili kati ya wale wanawake wa kwaya walikuwa bombani na ndoo.

"Kwani hii kitu imefanya nini?" akauliza, na sauti yake ilikuwa ya mtoto. Akageuka, akamwona Mama mlangoni petu. "Mama Nafula, imekuwaje?"

Mama alikuwa na beseni lake la nguo. Aliliweka chini kwanza.

"Uzi ulinunua mwenyewe," akasema. "Muulize huyo mama wa Gikomba kama alikuuzia ukiwa umeoshwa."

Nilimwona Mama Betty akitafuta jibu. Akisema uzi haukununuliwa, amejitaja mwizi. Akisema hakujua kwamba uzi huoshwa, basi yule aliyejidai kumfundisha Mama kufuma ni nani? Mama Shiru akaanza kucheka, akacheka hadi akaketi chini, na baada yake wengine, hata wale wa kwaya, na mimi nikacheka kuliko wote, mchele ukanimwagika. Mama peke yake hakucheka. Alikuwa akianika nguo zake.

Jioni Betty akaja na beseni limefunikwa taulo. Hakuniangalia. "Mathe amesema hii ni yenu," akasema, akaiweka mlangoni akaondoka. Mama aliitoa, akaitazama, akatafuta ncha ya uzi, akanipa. Nilifumua nikiwa naimba. Na uzi ulitoka umenyooka, kila inchi yake, laini na safi, hauna haja ya stuli wala jiwe. Mama akaupitisha kati ya vidole, na hapo ndipo alipocheka, kicheko kifupi cha puani. "Ametufulia," akasema.

Ile wiki alifuma kila alipokaa. Siku ya harusi nilivaa topu yangu, ikanibana kiunoni, na upepo ukapita kwenye matundu ya lesi ukanipoza shingo. Kwaya ilikuwa nyuma yetu. Mama Betty alikuwa mstari wa mwisho, amevaa blauzi ya mikono mirefu katika joto lile. Tulipomaliza kuimba nilipaswa kwenda kuketi kushoto. Nilizunguka kwa kulia, taratibu, mbele yake, ili auone mgongo pia.

Mama Betty na Mama waliendelea kusalimiana. Chumvi hawakuombana tena.

Nilikuwa mtu mzima, Mama ameshaanza kuugua, nilipomuuliza kama siku ile mlangoni, alipovuta ule ukingo, alikuwa ameshapanga yote. Miaka yote nilikuwa nikiihesabu ile sauti yake ndogo kuwa hila, na kabla ya hapo niliihesabu kuwa woga. Akashangaa. "Nilimuuliza uzi umetoa wapi," akasema. "Angeniambia, 'Ni wako, nimeuona nikautamani,' ningeketi hapo hapo nimwambie huo haujaoshwa, fumua, lete karai. Hata topu ningemwachia aivae."

"Na mimi?"

"Wewe ungelia kidogo, ungenyamaza."

Basi ndipo nilipoelewa kwamba swali lile lilikuwa mlango, na Mama aliushika ukiwa wazi mpaka mwenzake alipojibu. Sikulijua hilo nikiwa mtoto. Na nikiwaambia ukweli, hisia yangu ya kwanza ilikuwa shukrani kwamba Mama Betty alidanganya. Alikuwa karibu sana kubaki na topu yangu.

Mwezi uliopita tulimzika Mama. Kwenye matanga, pale pale Jericho, Mama Betty alikuja, mzee sasa, na mkongojo. Wakampa nafasi ya kusema kama jirani wa zamani. Akawaambia watu kwamba yeye na marehemu walikuwa dada, na kwamba sweta zote zilizomlisha marehemu na kusomesha watoto wake zilitokana na siku alipomwonyesha kushika sindano. Watu wakapiga makofi. Wengi walikuwa vijana, hawakumjua Mama akiwa na nguvu. Mama Shiru hakuwepo, alishatangulia.

Alipoketi nikamletea chai. Nikachuchumaa kando yake, nikamuuliza kwa sauti ndogo, "Mama Betty, kufuma ulifundishwa na nani?"

Alinitazama. Nadhani aliijua sauti hiyo. Kisha akanywa chai.

"Mimi ndiye nilifundisha mama yako," akasema.

Nikamshika mkono, nikaubana kidogo, nikauachilia. "Unasimulia vizuri," nikamwambia. "Endelea, usiache."

Niliporudi kwangu nilitoa topu kabatini, nikaiweka mezani mbele yangu, nikaanza kuandika haya. Jina la Mama Betty sikulibadilisha.